Mtoto wa Kakuma Huwa Wetu Akishashinda Tu

Wasee, swali moja kabla nianze kelele. Nitajie mtu aliyezaliwa Kenya na akaingia kikosi bora cha mwaka cha ligi kuu ya futiboli ya Australia. Usikimbilie simu. Hujui, ama? Usijali, hata mimi sikuwa najua.

Anaitwa Aliir Aliir. Alizaliwa Kakuma, Turkana, mwaka wa 1994, wazazi wake wakiwa wametoroka vita vya kusini mwa Sudan. Familia ikapelekwa Australia akiwa bado mtoto. Huo mchezo wao alianza kuucheza akiwa tineja tayari, wakati wenzake walikuwa wameupiga tangu chekechea. Na bado akawapita.

Kwa wenye hawajawahi kuuona: si soka na si raga. Mpira una umbo la yai, uwanja wenyewe ni duara refu, na kila timu inaingiza watu 18. Ukipiga katikati ya milingoti miwili ya kati unapata pointi 6. Ukikosea kidogo ikapita pembeni, unapewa 1 ya kukufariji. Aliir ni beki. Kazi yake ni kusoma mpira ukiwa hewani, kuruka juu ya watu, na kuudaka kabla mshambuliaji hajaufikia.

Msimu wa 2021 ndio ulikuwa wake. Alikuwa ametoka tu Sydney Swans akaingia Port Adelaide, na Port wakamaliza wa pili kwenye jedwali, mechi 17 wameshinda kati ya 22. Halafu nusu fainali wakachapwa na Western Bulldogs kwa tofauti ya pointi 71, tena nyumbani. Aibu kubwa. Fainali ilihamishiwa Perth kwa sababu ya Korona, Melbourne wakawapiga hao Bulldogs 140 kwa 66 na kumaliza ukame wa miaka 57. Kwa hivyo Aliir hakubeba kombe. Lakini wakati wa kuchagua wachezaji 22 bora kutoka timu zote 18, jina la mtoto wa Kakuma lilikuwa ndani.

Stori tamu, eh? Sasa niiharibu.

Msimu huo ulianza tarehe 18 Machi 2021. Siku sita baadaye, tarehe 24, Wizara yetu ya Usalama wa Ndani iliipa UNHCR siku 14 ilete mpango wa kufunga kambi za Dadaab na Kakuma. Soma hiyo tena polepole. Jamaa anaanza msimu bora wa maisha yake huko Adelaide, na huku kwetu mahali alipozaliwa panahesabiwa kama tatizo la kuondolewa. Baadaye wakasema mwisho ni Juni 2022. Juni ikafika, ikapita, kambi bado ziko. Lakini fikiria umelala hapo, una miaka 14, na unasikia kwa redio kwamba nyumba yako ina tarehe ya kufungwa.

Hii ndiyo inaniuma. Shule ya upili nilisoma na jamaa mmoja aliyezaliwa Kakuma. Alikuwa mrefu, na kwa basketi hakuna mtu alikuwa anamguza. Tulimtania vibaya. Ukikonda ama ukirudia nguo, ulikuwa unaambiwa “we umetoka Kakuma”, na yeye amekaa hapo hapo, anacheka nasi. Nilicheka pia, siwezi kudanganya. Halafu timu ikaitwa mashindano kaunti ingine. Sisi tulibeba mabegi tu tukapanda basi. Yeye alihitaji karatasi ya ruhusa ya kusafiri. Karatasi haikutoka kwa wakati. Tulienda bila yeye, tukapigwa raundi ya kwanza, na tuliporudi hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza alijisikiaje.

Lakini mwaka wa 2022, Awer Mabil, mtoto mwingine wa Kakuma, alipofunga penalti mechi ile iliyoipeleka Australia Kombe la Dunia, nani aliandika “huyo ni wetu” na bendera tatu za Kenya? Mimi. Wetu kivipi? Katiba yetu inasema uraia wa kuzaliwa unatoka kwa mama au baba Mkenya. Kuzaliwa kwenye mchanga wa Turkana hakukupi kitu. Angebaki hapa, tungemuita mkimbizi mpaka leo. Ameenda, ameng’ara, ghafla amekuwa ndugu.

Najua mtakachosema. “Kenya imebeba wakimbizi zaidi ya miaka 30, hao Waaustralia wamebeba nini?” Ni kweli, na hiyo heshima tunastahili. Kakuma iko tangu 1992, na Waturkana wamegawana maji na kuni na wageni wakati wao wenyewe hawana. Na Australia si mbinguni. Waliokuja kwa mashua walifungiwa kwenye visiwa huko Nauru na Manus. Ligi hiyo hiyo, mwaka wa 2015, mashabiki walimzomea Adam Goodes, mwenyeji asilia wa nchi hiyo, mechi baada ya mechi mpaka akastaafu. Ligi ilikuja kuomba msamaha 2019, miaka minne baadaye.

Kwa hivyo sisemi wao ni wazuri kutuliko. Nasema walifanya kitu kimoja ambacho sisi hatufanyi: walimruhusu kijana aingie uwanjani. Kumpa mtu hema na chakula ni wema. Kumfungia ndani ya hema miaka 30 ni kitu kingine, na tusikiite wema. Sheria mpya ya wakimbizi ya 2021 imetaja haki ya kufanya kazi, sawa. Lakini sheria haichezi basketi. Kijana akikosa ruhusa ya kupanda basi, kipaji chake kinazeekea hapo hapo.

Ombi langu ni dogo. Siku ingine ukiona mtoto wa Kakuma ameshinda ng’ambo na kidole kinakuwasha kuandika “wetu”, jiulize kwanza: yule ambaye bado yuko hapa, ulimuita nani?

Na wewe jamaa wa basketi, kama unasoma hii: pole. Tulipaswa kugoma kupanda ile basi.

Njooni kwa komenti mnitukane, niko.