Kozi ya bure ya masoko mtandaoni: usianze na somo la kwanza

Tangu niseme hapa kwamba nimemaliza kozi ya bure ya masoko mtandaoni, wengi mmenipigia mkiomba linki, na wote nimewatumia. Leo nasema jambo ambalo nilipaswa kulisema kabla ya kuwatumia. Ukiisoma kozi hiyo kama nilivyoisoma mimi, utapata cheti na mafuta yako yatabaki stoo.

Niliyosoma ni ile ya Google ya misingi ya masoko ya kidijitali. Ilikuwa na moduli 26, saa kama 40 za kujifunza, na mwishoni mtihani wa maswali 40 ambao ili ufaulu lazima upate asilimia 80. Nilianza na moduli ya kwanza nikaenda hadi ya 26, kila usiku baada ya watoto kulala, kwa bando la usiku. Nikafaulu. Cheti nikakiweka stetasi, nikapongezwa mpaka na wakubwa zangu wilayani.

Wiki hiyohiyo, kikundi cha akina mama wanaokamua alizeti kwenye kata yangu hapa Singida walikuwa na chumba kizima cha madumu ya lita 20. Mnunuzi wao alikuwa mmoja, anakuja na fuso, anapanga bei yeye. Nao walikuwa wanadaiwa marejesho ya mkopo wa halmashauri. Mwenyekiti wao akaniuliza, bila utani: "Bwana shamba, hicho cheti chako kinatuuziaje haya mafuta?" Maneno nilikuwa nayo mengi, ya Kiingereza tena. Jibu sikuwa nalo.

Nimelifikiria swali lile muda mrefu, na maoni yangu ni haya. Kozi si mbaya. Tatizo ni kwamba imetungwa kwa ajili ya mtu mwenye tovuti, mwenye kadi ya benki ya kulipia matangazo, na ambaye mzigo wake unafikishwa mlangoni kwa mteja. Sisi tuichukulie kama mbegu iliyotoka ukanda mwingine. Hata ikiwa nzuri, huipandi shamba zima msimu wa kwanza. Unaanza na kipande kidogo, unaangalia inavyopokea mvua zako.

Kwa hiyo kabla hujawasha data, shika kalamu uandike swali moja la biashara yako. "Nitauzaje zaidi" halisaidii, hilo kila mtu analo. Andika kitu kinachokukwaza kweli. Kwa akina mama wale, tulipokaa na kubishana karibu saa nzima chini ya mwarobaini, swali lilikuwa hili: kwa nini watu wanauliza bei halafu wananyamaza?

Maana tangazo walikuwa nalo tayari. Binti wa katibu alipiga picha ya madumu, akaiweka Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp, na maneno "Mafuta bora ya alizeti, bei poa, piga simu". Watu walipiga, wa Dodoma na hata wa Dar es Salaam. Wakauliza, wakashukuru, wakapotea. Kikundi kikaamua kwamba mtandaoni hakuna wateja, kuna wapiga soga tu.

Hapo ndipo niliporudi kwenye kozi kwa mara ya pili, safari hii nikiwa na swali. Sikufungua tena moduli zote. Nilifungua zile za kupima mwenendo wa wateja na zile za maneno wanayotafuta watu. Na ninakiri kwamba mara ya kwanza nilizipita mbio, kwa sababu zilikuwa na grafu nyingi na mimi nilikuwa nawahi mtihani.

Ukizivua grafu zake, moduli za kupima zinasema jambo ambalo mkulima analijua. Mteja anapita hatua: anaona, anauliza, anakubali, analipa. Hesabu wangapi wanafika kila hatua, utaona wanapodondokea. Wenye tovuti wanahesabiwa na programu. Sisi tulichukua daftari la shule, tukalipigia mistari: tarehe, anatoka wapi, aliona tangazo wapi, aliuliza nini cha mwisho, alinunua au hapana. Binti wa katibu ndiye aliyelijaza, kila jioni, kwa wiki tatu.

Mstari wa "aliuliza nini cha mwisho" ndio uliotufumbua macho. Karibu wote waliishia palepale: "Dumu likifika Dodoma ni shilingi ngapi?" Na jibu walilokuwa wanapewa ni "tutaangalia usafiri". Jiweke wewe upande wa pili wa simu. Mtu usiyemfahamu anataka utume hela, na hajui nauli ya mzigo ni kiasi gani. Ungetuma?

Akina mama wakaenda stendi, wakaongea na ofisi ya mizigo ya basi, wakajua gharama ya dumu moja na ya madumu matano. Wakaandika bei moja: dumu la lita 20 hadi stendi ya Dodoma, usafiri ndani yake. Hawakubadilisha picha wala jina la bidhaa, na hili nililisisitiza sana. Ukibadili mbegu, mbolea na nafasi ya kupanda msimu mmoja, ukavuna vizuri, utajuaje kilichosaidia? Tangazo nalo ni hivyo. Badilisha kitu kimoja, subiri, soma daftari.

Wiki ile waliuza madumu mawili. Najua si mengi, na chumba hakikupungua hata kona. Lakini mmoja wa wale wawili ni mama mwenye mgahawa, na mpaka leo anaagiza. Na yule wa fuso alipokuja tena na bei yake, safari hii mwenyekiti alikuwa na bei ya pili ya kumtajia. Akaongeza kidogo. Bado yeye ndiye anayechukua mafuta mengi, sitakudanganya.

Baadaye ndipo tukagusa maneno. Kozi inasema andika kwa maneno ya mteja. Jaribu mwenyewe: fungua Google au Facebook, anza kuandika unachouza, uone simu inavyokumalizia sentensi. Hayo ndiyo maneno ya watu. Sisi tuliandika "bidhaa bora za alizeti", wakati waliokuwa wanapiga simu walisema "mafuta ya alizeti ya Singida, dumu". Tukaandika hivyohivyo, na bei, na mahali.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Kozi nyingi za aina hii ni za Kiingereza. Usione aibu kukaa na kijana aliyemaliza kidato cha nne, yeye asome, wewe useme kama hilo linawezekana hapa kijijini. Wapo wenzangu wanaosema masoko ya mtandaoni waachiwe vijana. Sikubaliani. Kijana anaijua simu, lakini hajui kwa nini mafuta ya msimu huu yana rangi nzito, na mteja atamuuliza hilo. Bando nalo linauma, kwa hiyo penye maandishi ya somo, soma maandishi, video iache mpaka upate waifai. Na neno "bure" liangalie vizuri: kuna kozi ambazo kusoma ni bure ila cheti unalipia, na kuna matapeli wanaoingia kwenye magrupu wakitaka "ada ya usajili". Anayekuomba namba ya siri ya simu yako hafundishi masoko.

Kuna mawili ambayo kozi haikuniambia kabisa, na wateja wetu ndio walionifundisha. La kwanza ni jina linalotokea mtu akituma hela. Tangazo linasema kikundi, hela inakwenda kwa jina la mtu binafsi. Mteja wa mbali akiona hivyo anasita, na ana haki. Chukueni Lipa Namba yenye jina la kikundi. La pili ni alama ya ubora. Kadiri tangazo linavyofika mbali, ndivyo unavyokutana na mteja wa dukani anayeuliza lebo na TBS. Dumu lililooshwa na kutumika tena linapita kwa jirani, kwake halipiti. Kama unataka kwenda njia hiyo, anzia ofisi ya SIDO ya mkoa wakuelekeze, kabla hujatumia hela kwenye matangazo.

Akina mama sasa wanabishana kuhusu chupa za lita moja. Nusu wanataka wanunue chupa na lebo mara moja, kwa sababu kwenye kozi wameona chupa nzuri. Nusu wanasema wateja wote walioko kwenye daftari wameulizia dumu. Mimi nimeomba kwanza wawapigie kumi kati ya wale walionyamaza, wawaulize wangenunua kipimo gani. Mpaka jana walikuwa wamewapata sita.

Ukitaka kuanza, Jumatano nipo ofisi ya kata kuanzia saa nne asubuhi. Njoo na simu, daftari na hilo swali lako moja, tutatafuta pamoja ni moduli ipi inalihusu. Linki ya kozi usihangaike nayo, ninayo.