Kiunzi Kiondokacho



Juma lililopita, baada ya swala ya Isha, mzee mmoja wa mtaani alinishika mkono akaniambia: "Sheikh, mwanangu amevunjika muundi kwa ajali ya bodaboda. Ametiwa chuma, na daktari asema huenda akapasuliwa tena ili kitolewe. Nasikia ng'ambo wachapa mfupa kwa mashine, wala hauhitaji kutolewa. Je, ni halali? Na niuze shamba nimpeleke?"

Maswali hayo mawili yatatufaa sote, lakini kwanza tukijue kitu chenyewe.

Mfupa aliouumba Mwenyezi Mungu, takriban thuluthi mbili za uzito wake ni madini ya kalsiamu na fosfeti, na sehemu kubwa ya kilichosalia ni nyuzi za protini. Ni mfano wa nyumba ya udongo na fito: udongo huupa ukuta ugumu, fito huushika usibomoke. Wataalamu wameuiga mpango huo. Mahali pa fito wameweka polima, yaani plastiki imomonyokayo mwilini polepole, jamaa ya zile nyuzi za kushonea kidonda ambazo huisha zenyewe. Mahali pa udongo wameweka unga wa seramiki wenye madini kama ya mfupa.

Mashine huuchapa mchanganyiko huo tabaka juu ya tabaka, kwa kufuata picha ya skani ya mgonjwa, mpaka kipatikane kiunzi chenye matundu madogo madogo. Mishipa ya damu na chembe hai huingia humo, mfupa mpya hujengeka, na kiunzi huzidi kupungua. Kile cha polima iitwayo polikaprolaktoni huchukua kama miaka 2 hadi 3 kuisha. Mafundi wetu hufunga jukwaa la boriti wakati wa kujenga, kisha hulifungua. Hili hujifungua lenyewe.

Wala hizi si ndoto. Mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, daktari Glenn Green na mhandisi Scott Hollister walimwekea mtoto mchanga kishikizo cha polima hiyo kilichochapwa, kwa kuwa njia yake ya pumzi ilikuwa ikijifunga. Mtoto akapumua. Nchini Singapore, viunzi vya namna hii vimezibia matundu ya fuvu baada ya upasuaji.

Ama uhalali, tumkumbuke sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab. Alitengeneza pua ya fedha, ikatoa harufu, Mtume (S.A.W.) akamwamuru atengeneze ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa mwanamume kujipamba. Wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai. Basi kukitengeneza kiungo kilichoharibika kuna msingi katika dini. Linalobaki ni kuuliza asili ya kitu. Polima na seramiki za maabara hazina shaka. Lakini baadhi ya bidhaa za mifupa hutokana na ng'ombe, au huchanganywa na kolajeni ya nguruwe. Muulize daktari kabla ya upasuaji, na ukipata shaka mwulize mwanachuoni.

Ama shamba, nilimwambia: "Ami, usiuze." Mfupa uliovunjika bila kupotea kipande huunga wenyewe ukishikwa barabara. Kiunzi ni cha penye pengo, palipopotea mfupa. Tena muundi hubeba uzito wa mwili, na vitu hivi havijafikia nguvu za chuma. Ndiyo maana aghalabu hutumika kichwani na usoni, na mguuni huhitaji chuma pamoja navyo. Kumpeleka kijana ng'ambo kwa uvumi ni kupoteza mali na wakati.

Nilimshauri arudi kwa daktari na maswali matatu: Je, pana pengo? Chuma hiki ni lazima kitolewe? Kijana aanze lini kuukanyagia mguu? Alirudi, akaambiwa pengo halipo na mfupa umeanza kuunga. Shamba lingali lake, na kijana anajizoeza kutembea kwa magongo.

Kutafuta dawa ni jambo tuliloamrishwa. Na kuuliza kabla ya kulipa ni sehemu ya kutafuta.

Wallahu a'lam.