Seva ya Katikati Haimlindi Raia
Hoja iliyochapishwa kwamba serikali inayopitisha mawasiliano yaliyosimbwa kwenye seva wakala, yaani kompyuta inayosimama kati ya mtumiaji na tovuti, inawakinga raia dhidi ya matapeli, ingekuwa na uzito kama Kazakhstan isingekwisha kuijaribu. Julai 2019 watoa huduma za intaneti nchini humo waliwataka wateja wasakinishe cheti cha msingi cha serikali, ambacho ni hati ya kidijitali inayokifanya kivinjari kiamini kila cheti kilichotiwa saini kwa mamlaka yake. Tangu hapo seva ya katikati iliweza kujifanya Facebook, ikaufungua ujumbe pamoja na nywila, ikausimba upya na kuupeleka ulikokuwa ukienda, huku alama ya kufuli ikibaki kwenye kioo kana kwamba hakuna kilichotokea. Watafiti walipopima, walikuta tovuti 37 zinazolengwa, nyingi zikiwa za mitandao ya kijamii na mawasiliano. Labda matapeli hawapatikani kwingine. Agosti, Mozilla, Google na Apple zilikizuia cheti hicho.

Kwamba kampuni nyingi hufanya vivyo hivyo ofisini ni kweli, lakini mwajiri hukagua mashine alizozinunua mwenyewe, ilhali raia hana mtandao mwingine wa kuhamia. Isitoshe, kivinjari hakikioni tena cheti halisi cha tovuti, hivyo seva ya katikati ikizembea kukikagua, tapeli anayejifanya benki hupita bila mtumiaji kupata onyo lolote.