HEDI IKITOBOKA, NANI ALIPE?



Nimeomba nafasi katika ukurasa huu kwa ajili ya kazi moja iliyo mikononi mwetu sisi mafundi wa pikipiki, nayo ni kupanua njia za hewa katika hedi. Zamani kazi hii ilikuwa ya watu wa mashindano. Siku hizi kila mwenye boda boda anayeshindwa na mlima huja karakana akisema, "Fundi, nifungulie hedi, nataka nguvu." Matajiri wetu hawakatai, maana ni pesa. Kijana hupewa mashine ya kusagia na jiwe, huambiwa, "Kwangua." Hapewi kipimo, hapewi miwani, wala haambiwi aache wapi.

Mwaka jana, katika karakana nifanyayo kazi, kijana mmoja alikwangua njia ya kuingizia hewa katika hedi ya 125 mpaka ukuta ukatoboka, pale juu chini ya springi ya valvu. Tundu lilikuwa dogo kama kichwa cha pini, hakuliona. Injini ilipowashwa ikaanza kunyonya oili na kutoa moshi wa samawati. Tajiri akanunua hedi nyingine, na bei yake akaikata katika mshahara wa kijana kwa miezi miwili. Kijana akanyamaza, akidhani ndiyo sheria. Sisi wenzake nasi tukanyamaza, na jambo hilo laniuma mpaka leo.

Maana sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa kwa kosa la kusudi la mfanya kazi. Kwa kusudi, ndugu zangu! Kijana aliyeambiwa akwangue bila kipimo hakuharibu kwa kusudi. Tena sheria hiyo hiyo yasema makato yote pamoja yasipite sehemu mbili katika tatu za mshahara. Kila mwanachama na aliweke neno hili kichwani.

Lakini sitaki mtu aseme kwamba twatetea kazi mbovu. Kwa hiyo natazama kazi yenyewe, kwa sababu wengi wetu twaifanya kwa kubahatisha.

Injini ya 125 ikizunguka mara 8,000 kwa dakika huvuta hewa mara 4,000. Kila mara pistoni hushuka kwa muda usiofika sehemu 4 katika 1,000 za sekunde. Katika muda huo hewa yapaswa kupita kabureta, kukata kona ndani ya hedi, kuzunguka mti wa valvu na kuingia silinda. Watu hudhani tundu likiwa kubwa, nguvu itakuwa kubwa. Sivyo. Ukibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole, maji hutoka kwa kasi. Ukiachia, huanguka miguuni. Hewa ni vivyo hivyo. Ikienda kwa kasi huchukua petroli ikiwa ukungu mwembamba, tena huendelea kujisukuma ndani hata pistoni inapoanza kurudi juu. Ukipanua njia kupita kiasi hewa hulegea, na petroli hushika kuta kama umande. Pikipiki ya mashindano inayokimbia juu kabisa siku nzima yaweza kuvumilia. Mtu wa boda boda, mwenye abiria mmoja na gunia la viazi, apandaye polepole kwa gia ya pili, hupoteza nguvu pale pale alipoitaka.

Mahali penye faida si mlangoni ambapo jiwe hufika kwa urahisi. Faida iko ndani, chini ya kiti cha valvu, na katika ile kona fupi ambapo hewa hugeuka. Hapo kiwandani huacha ukingo mkali na mabaki ya kalibu. Kuondoa ukingo huo, kulainisha kona bila kuichimba, kupunguza unene wa chuma kinachozunguka bushi ya valvu, na kuhakikisha gasketi haichungulii ndani ya njia: hiyo ndiyo kazi, na chuma kinachotoka ni kidogo mno. Koo chini ya kiti laachwa karibu asilimia 85 hadi 90 ya upana wa valvu. Kama valvu ni milimita 28, koo lisipite milimita 25. Na hao wanaong'arisha njia ya kuingizia kama kioo wanajisumbua bure. Msasa wa kawaida watosha, maana ukwaruzo mdogo husaidia petroli isitiririke ukutani. Njia ya moshi ndiyo ing'arishwe ukipenda, masizi yasishike upesi.

Kisha kabureta lazima ipimwe upya. Hewa ikiongezeka na petroli ikabaki ile ile, injini huchemka, na pistoni yaweza kutoboka. Hapa kwetu tusisahau urefu wa nchi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika saba. Kabureta iliyowekwa vyema Mombasa hula petroli bure ikifika Limuru. Basi mtu akilalamika hana nguvu, pengine shida ni kabureta wala si hedi.

Nasema hivi kwa sababu mwendesha boda boda ni mfanya kazi kama sisi. Pesa anayotuletea ni chakula cha watoto wake. Kabla ya kumfungulia hedi, tazameni chujio la hewa lililojaa vumbi. Pimeni nafasi za valvu. Mimineni petroli kidogo katika njia ya hewa valvu zikiwa zimefungwa. Ikivuja, sageni valvu kwa dawa yake na nguvu nyingi itarudi. Kama shida ni mlima tu, spoketi ya nyuma yenye meno mawili zaidi itampandisha kwa pesa chache, ingawa mbio zitapungua kidogo. Tajiri hatapenda ushauri huo.

Wako watakaosema ya kwamba kupima hewa ni mambo ya Ulaya. Harry Weslake wa Uingereza alikuwa akipima hewa ipitayo katika hedi tangu miaka ya 1920, na mwaka 1976 Peter Collins alipata ubingwa wa dunia wa spidiwei kwa pikipiki yenye injini ya Weslake. Lakini chombo chenyewe si cha ajabu. Mafundi wengi hujitengenezea: sanduku la mbao lisilopitisha hewa, mota ya mashine ya kufyonza vumbi, na mrija wa plastiki uliokunjwa kama herufi U wenye maji ndani. Hedi hufungwa juu ya sanduku, valvu hufunguliwa milimita baada ya milimita, na maji huonyesha hewa inavyopita. Unapima kabla, unakwangua kidogo, unapima tena. Fundi mwenye chombo hicho hatoboi hedi kwa kubahatisha, tena aweza kumwonyesha tajiri kwa namba kwamba kazi yake ina bei.

Basi nayaleta haya mbele ya tawi letu. Chombo kimoja cha namna hiyo kitengenezwe kwa mchango wetu wenyewe, kiwekwe ofisini, kila mwanachama akitumie. Vijana wanaojua kazi kwa mikono wasaidiwe kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, wakianza na Gredi ya 3, ili tajiri asiendelee kuwaita vibarua. Miwani na kitambaa cha pua vidaiwe kwa tajiri, kwani Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka atoe vifaa vya kinga, na unga wa aluminiamu si kitu cha kuvuta puani kutwa. Na yule kijana wetu, ambaye jina lake silitaji, arudishiwe mshahara wake wa miezi miwili. Barua ya kuudai nimekwisha kuiandika. Inangoja sahihi za wale waliokuwapo siku ile, na mpaka sasa zimepatikana mbili tu.