Majina Yalikuwepo

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ya aibu. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, waliokufa wakiitumikia Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza hawakuandikwa kwa majina, na wengine huenda hawakukumbukwa kwa namna yoyote ile. Wengi walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Ben Wallace, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, aliomba radhi bungeni. Tangu hapo, kila mjadala huu unapofunguliwa, jibu jepesi huwa lile lile: ijengwe alama moja ya pamoja, yenye maneno matamu machache, "kwa wote". Hilo ni jibu la kivivu, na watu wa Ufipa, huku kusini-magharibi mwa Tanzania, wana haki ya kulikataa kabla saruji haijamwagwa.

Vita hiyo haikupiganwa mbali na Sumbawanga. Katikati ya mwaka 1916 kikosi kilichotoka Rhodesia ya Kaskazini kiliizingira ngome ya Wajerumani ya Namema, kisha kikaiteka Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo, tarehe 8 Juni. Wajerumani walitoroka usiku kwa mitumbwi. Miaka miwili baadaye, Novemba 25, 1918, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wetu wa kusini, akiwa na askari Waafrika zaidi ya 1,100. Ulaya ilikuwa imenyamazisha mizinga wiki mbili nyuma. Meli ya Liemba, ambayo kwa miongo mingi ilipakia abiria Kasanga, ni masalia ya vita hiyo: Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 ikiitwa Graf von Götzen, ikaibuliwa na Waingereza na kurudishwa kazini mwaka 1927.

Meli ina jina, tena mawili. Jenerali ana vitabu. Waliobeba mzigo hawana kitu.

Na bila hao hakuna jeshi lililosogea. Ndorobo waliua ng'ombe, farasi na punda, kwa hiyo risasi, unga, mahema na hata vipande vya mizinga vilipandishwa milima kwa vichwa na mabega ya watu. Upande wa Rhodesia waliitwa tengatenga. Waliuawa kidogo na risasi na zaidi na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na unga ulioivishwa nusu nusu. Mwanamume aliyechukuliwa hakurudi kulima, na kilimo cha matuta cha Wafipa, kinachofukia majani ardhini ili yaoze kuwa mbolea, hakingoji.

Wapo wanaosema vita ile haikuwa yetu, kwa nini tuipambe? Swali zuri, ila kumwandika marehemu si kuipamba vita. Wengine wanasema fedha ziende kwenye zahanati. Ziende. Kunakili daftari hakujengi wala hakubomoi zahanati.

Hoja inayostahili muda ni ile inayotolewa kwa sauti ya huzuni na upole: majina hayapatikani, wapagazi walikuwa wengi mno, hakuna aliyewaandika. Hoja hii haikubaliki hata kidogo. Jeshi la Waingereza liliwaandikisha wapagazi wake wa Carrier Corps kwa namba. Mtu alipewa namba kwa sababu alitakiwa kulishwa posho, kulipwa ujira, na kutafutwa akitoroka. Serikali inayojua kumsaka mtoro kijijini kwao inajua anaitwa nani na ametoka kwa mtemi gani. Alipokufa ndipo ujuzi huo ulipoyeyuka ghafla.

Haukuyeyuka wenyewe. Baada ya vita Tume ilitunza makaburi ya Wazungu, kila mtu na jiwe lake, na kwa Waafrika ikaamua kuweka sanamu za jumla, kama ile ya askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927. Makaburi makubwa ya wapagazi yalipojadiliwa, maoni ya Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, yalikuwa kwamba yaachwe yarudi kuwa pori. Hayo si maneno ya mtu aliyetafuta majina akayakosa. Ni ya mtu asiyetaka hesabu ifanywe. Leo warithi wa uamuzi huo wanasimama mbele ya kichaka kilichopandwa makusudi na kulalamika kwamba njia haionekani.

Tena mfano wa kuwaumbua upo. Januari 2025 Cape Town ilifungua kumbukumbu ya Waafrika Kusini weusi wa vikosi vya kazi waliokufa katika vita hiyo hiyo hapa Afrika. Imeandikwa majina zaidi ya 1,700, moja moja. Hawakuwa wapiganaji, walikuwa wafanyakazi na wachukuzi, daraja lile lile linalosemekana halikuacha alama. Nchini Kenya nako nyaraka za jeshi la King's African Rifles (KAR) zimeibua maelfu ya majina ya askari waliosahauliwa. Waliotafuta wamepata.

Ufaransa ilipitisha sheria Oktoba 1919 ya kuzisaidia serikali za mitaa kuwaenzi waliokufa, na miji midogo kabisa, hata yenye watu mia mbili, ikachonga orodha. Kila Novemba 11 meya huyasoma majina hayo hadharani, na zamani wakati mwingine meya mwenyewe alikuwa mkongwe wa vita hiyo, akiwasoma wenzake aliolala nao kwenye mahandaki. Meya wa Sumbawanga akitaka kufanya hivyo leo atasoma nini?

Basi kabla ya kukubali mnara wowote, madiwani wa Manispaa na wa wilaya za Nkasi na Kalambo wadai mambo mawili kwa maandishi. Kwanza, Tume igharimie wasomi wa Kitanzania kupekua nyaraka za Dar es Salaam, Lusaka na London, na orodha ya wapagazi wa Ufipa ipangwe kwa vijiji. Pili, waombe ruhusa ya kulinganisha orodha hiyo na vitabu vya ubatizo na vya vifo vya misheni kongwe kama Karema na Kate, ambako mapadri wa White Fathers waliandika waumini wao kwa bidii kuliko serikali yoyote. Orodha ikitoka na majina arobaini tu, yachongwe hayo arobaini, na nafasi iachwe chini yake.