"Sorry" Yaweza Kumtia Mtu Hatiani

Twataka kusema neno katika kurasa za chama chetu juu ya Kiingereza cha makarani. Si kile cha vitabu vikubwa, bali kile kitutokacho kinywani na kalamuni kila siku.

Mwenzetu mmoja hapa Temeke aliletewa barua ya kuarifu kwamba daftari moja la hesabu limepotea. Yeye hakuwa na dhamana ya daftari hilo, wala hakupata kulishika. Lakini kwa kuwa amelelewa vyema, aliona haifai kumjibu mkubwa wake pasipo kumpa pole, akaandika, "I am very sorry for the loss of the register." Barua ikatiwa jaladani, na baada ya siku chache akatakiwa aeleze kwa maandishi jinsi alivyolipoteza! Ilimchukua mwezi mzima kujinasua.

Wako waliomcheka. Sisi hatukucheka, maana kosa lile latokana na utajiri wa lugha yetu. Pole hupewa aliyepatwa na jambo, hata kama msemaji hana hatia yo yote. Samahani huombwa na aliyekosa. Mwingereza hutumia "sorry" kwa yote mawili, na msikiaji hupima kwa jambo lenyewe: penye msiba ataliona kuwa ni pole, bali penye upotevu wa mali ya ofisi aweza kuliona kuwa ni ungamo. Kwa hiyo twashauri karani aandike, "I am sorry to hear that the register is lost." Hayo maneno "to hear" yamweka mahali pa aliyepashwa habari, si pa mtenda kosa. Na mtu akijikwaa ngazini, "Are you all right?" yatosha. Kwa pole ya kazi hatujapata neno la Kiingereza lililo sawa nayo, na twaona heri kutolitafuta.

Kuazima nako kuna mtego. Twasema "niazime kalamu", na twasema pia "nimeazima kalamu kwake". Kitenzi ni kile kile. Ndiyo sababu wengi husema "borrow me your pen". Mwingereza hutazama kwanza kitu chatoka mkono gani: mwenye mali ndiye wa "lend", mwenye haja ndiye wa "borrow". "Lend me your pen" ni sahihi, walakini ni ya rafiki kwa rafiki, "May I borrow your pen?" yafaa hata kwa mkubwa. "Hear" na "listen" hazitusumbui sana, kwa kuwa tuna kusikia na kusikiliza.

Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zimesomesha kwa Kiswahili, na sekondari husomesha kwa Kiingereza. Basi mtoto hukutana na Kiingereza cha sayansi kabla ya kile cha adabu. Sisi wenyewe katika sekondari ya misheni tulichanganua sentensi ndefu mno, wala hatukuambiwa hata siku moja habari ya pole.

Twapendekeza chama kianzishe darasa la jioni, na kila mwanachama aje na neno moja lililomletea lawama. Mwenzetu wa daftari amekubali kuleta nakala ya barua yake.