Mfuko wa kilo 50 haukupimiwa mgongo wa binadamu

Kila asubuhi vijana kwa wazee hutoka Kawangware kwa miguu kwenda kutafuta kibarua katika majumba ya ghorofa yanayochipuka Muthangari na Lavington. Kazi inayowangoja wengi ni kubeba saruji: mfuko wa kilo 50 begani, ngazi baada ya ngazi. Jioni mmoja akilalamika kiuno, mwenzake humwambia ni baridi tu. Baridi gani hiyo inayochagua wabeba saruji?

Hebu msomaji tuutazame uti wa mgongo. Mtu huzaliwa na pingili 33 hivi. Za chini huungana anapokua, zikabaki 24 zinazojongea: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Kati ya pingili na pingili, isipokuwa mbili za juu kabisa, mna kisahani mfano wa raba. Pembeni kina tabaka za nyuzi zilizozungushana kama maganda ya kitunguu, na katikati ute mzito. Nyuma yake, kulia na kushoto, kuna viungo viwili vidogo vinavyozuia mgongo usijipinde kupita kiasi. Kisha kano huvifunga vyote pamoja.

Udhaifu uko hapa. Kano ndefu ipitayo nyuma ya visahani ni pana shingoni, lakini ifikapo kiunoni, penye mzigo mkubwa zaidi, imekuwa nyembamba. Kwa hiyo kisahani cha kiuno kikipasuka, ute huponyokea nyuma kwa upande na kuubana mshipa wa fahamu. Maumivu huteremka kutoka takoni hadi mguuni.

Tena kisahani cha mtu mzima karibu hakina mishipa ya damu. Hula kama sifongo: kikibanwa mchana hutoa maji, ukilala hufyonza maji na chakula. Ndiyo sababu tunaamka tukiwa warefu kwa takriban sentimita moja kuliko tulivyolala. Na ndiyo sababu kikiumia hupona polepole.

Kuinua ndiko kubaya zaidi. Anayeinama na kuunyanyua mfuko ukiwa mbali na mwili wake, misuli ya kiuno hulazimika kuvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa mfuko mara kadhaa, na nguvu hiyo yote hukikandamiza kisahani.

Najua jibu nitakalopewa: Mwafrika amezoea mizigo. Ni kweli kwamba mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Profesa Maloiy na wenzake kuhusu kina mama wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa ukanda wa kipajini. Walionekana kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu za ziada. Lakini kilichopimwa ni pumzi, si visahani. Na kwa mtu wa kilo 65, asilimia 20 ni kilo 13.

Si kila kiuno kinachouma ni kisahani, wala si kila mgonjwa anahitaji picha ya eksirei, ambayo hata hivyo haikionyeshi kisahani chenyewe. Wengi hupona katika majuma machache wakiendelea kutembea. Kulala kitandani siku nyingi hudhuru. Bali anayeshindwa kuzuia mkojo au choo, au anayekufa ganzi sehemu za siri, apelekwe hospitali kubwa siku iyo hiyo.

Mwaka 2019 serikali iliweka kanuni kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50, na hoja iliyosikika zaidi ilikuwa bei ya mkulima. Mgongo wa mpagazi wa Marikiti haukupata msemaji. Uingereza mfuko wa kawaida wa saruji ni kilo 25. Sioni kwa nini viwanda vyetu visifanye vivyo hivyo, hata kama karatasi ya mifuko itagharimu zaidi kidogo.

Wakati tukingoja, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 tayari inamtaka mwajiri aweke mitambo ya kuwaepusha watu kubeba mizigo kwa mikono. Maafisa wanaokagua majengo ya Muthangari waanze kwa kumuuliza mwanakandarasi kapi na kamba ya kupandishia saruji viko wapi.